Hapa shuleni, hapa kwetu: kisa cha mwalimu wa mazoezi, kipimajoto na chupa za nyanya

Daftari lenyewe ni la kurasa 48, limejaladiwa kwa gazeti. Kwenye ukurasa wa kazi ya vitendo kuna jedwali la safu mbili, muda na jotoridi, na namba ya mwisho ya jedwali hilo ni 95. Chini yake mwanafunzi ameandika sentensi moja kwa Kiingereza cha Kidato cha Kwanza, kwamba maji yalichemka kwa nyuzi 95, na pale Kiingereza kilipomwishia akamalizia kwa Kiswahili: "hapa shuleni". Niliizungushia ile 95 kalamu nyekundu, nikaandika 100 pembeni, kisha nikayakata yale maneno mawili. Nikampa 6 kwa 10.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, BTP kama tunavyoiita vyuoni, katika shule moja ya sekondari wilayani Lushoto. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu maneno niliyoyakata siku ile nilikuja kukutana na ndugu yake jikoni, kwenye daftari la mtu mwingine kabisa, katikati ya kazi ya kusindika nyanya. Bila zile chupa za nyanya ningemaliza wiki zangu nane, ningepata alama zangu, ningerudi chuoni nikiamini kwamba nimefundisha.

Nasomea ualimu wa Kemia na Biolojia. Nimekulia Tanga mjini, karibu na bahari, na kwetu Lushoto ni huko juu zinakotoka kabichi, viazi na nyanya. Ukishaiacha barabara kuu pale Mombo, gari linapanda kona baada ya kona, zaidi ya kilomita 30, mpaka mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Njiani masikio yangu yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Kumbe mwili wangu ulikuwa umeshalipata jibu kabla sijafika, nami sikulijua.

Kilichotokea maabara

Mada ilikuwa maada na hali zake. Darasa lina wanafunzi 58 na maabara ina vipimajoto vinne vizima, kwa hiyo nikaunda makundi manne. Kila kundi lilipewa bika ya maji, kichomeo cha spiriti na mtu mmoja wa kuangalia saa. Kazi yao ilikuwa kusoma jotoridi kila baada ya dakika moja mpaka maji yachemke na namba isimame.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ubaoni kabla hata kiberiti hakijawashwa. Nilikuwa nimeandika lengo la somo, na chini yake nikaandika kabisa kwamba maji safi huchemka kwa nyuzi 100. Jibu lilikuwa mbele yao. Kilichobaki ni kuwasha moto ili tulifikie.

Hatukulifikia. Maji yalitokota, mapovu makubwa yakapanda, mvuke ukajaa, na kipimajoto kikaganda kwenye 95. Kundi la kwanza likaniita. Nikainama, nikasoma, nikaona 95 kwa macho yangu. Kundi la pili likaniita. Nikaona vilevile. Nikawaambia kwa sauti ya darasa zima: "Vipimajoto hivi vimechoka, msijali. Tunajua inatakiwa iwe ngapi."

Sikuwa nasema uongo. Ndivyo nilivyoamini. Vipimajoto vinne vilikuwa vimekubaliana namba moja, nami nikaona heri vyote vinne viwe vibovu kuliko kudhani kwamba sentensi ile ubaoni ina kitu imekiacha.

Nilipokusanya madaftari jioni, wanafunzi 57 walikuwa wameandika 100. Wengine hawakuishia hapo. Walijaza pia mistari iliyotangulia, 96, 97, 98, 99, ngazi moja kwa dakika, ili ile 100 isionekane imetokea hewani. Sisi wenyewe vyuoni jambo hili tunaliita kupika data, na tunalisema tukicheka. Hawa watoto hakuna aliyewafundisha kwa maneno. Waliusoma uso wangu. Nami nikazipiga tiki zote, isipokuwa ya binti mmoja wa dawati la nyuma aliyeandika alichokiona na mahali alipokionea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha mbinu za kisayansi. Tatizo, dhanio, jaribio, kukusanya data, kuchambua, hitimisho. Walizikariri kwa mpangilio wake na jaribio la wiki walifanya vizuri sana.

Sehemu ya mwisho ya andalio la somo ni tathmini na maoni ya mwalimu. Niliandika: "Asilimia 75 ya wanafunzi wameelewa somo." Mwalimu yeyote wa nchi hii anaijua sentensi hiyo. Tunairithi kwa waliotutangulia, tunaiandika kabla kengele haijalia, na hakuna anayeuliza 75 imepatikanaje. Nayo ni data iliyopikwa, na aliyeipika ni mimi, siku ileile niliyomnyima alama mtoto kwa kukataa kupika ya kwake.

Jikoni

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, mkulima, ambaye watoto wake wote wameshaondoka isipokuwa mmoja anayelima naye. Msimu ule nyanya zilishuka bei. Malori ya Dar yalikuwa yanachagua, na zilizobaki zilirudi nyumbani. Jumamosi moja kijana akaleta matenga mawili, akayatua uani. Mama akanikuta kibarazani na madaftari yangu.

"Mwalimu, hayo yatakungoja. Njoo unisaidie kumenya, hizi hazingoji."

Kusindika nyanya nyumbani nilikuwa sijawahi kukuona. Kwetu nyanya ikizidi inapikwa, inagawiwa jirani au inaoza. Mama ana chupa za kioo za mdomo mpana, nyingine za nusu lita, nyingine ndogo, alizozikusanya miaka mingi. Chupa huzirudia, vifuniko hununua vipya, na kwenye hilo habishani na mtu.

Tulichagua zilizoiva lakini bado ngumu. Zilizopondeka na zilizoiva kupita kiasi tukazitenga kwa mboga ya siku ile. Za kusindika zilitumbukizwa kwenye maji yanayochemka kama dakika moja, zikahamishiwa kwenye maji baridi, na ganda likavuka lenyewe kama soksi. Tukakatakata, tukachemsha kwenye sufuria kubwa, tukajaza chupa zikiwa bado za moto na kuacha nafasi ya upana wa kidole juu. Mama alifuta mdomo wa kila chupa kwa kitambaa safi, akaupitisha kidole polepole kuhakikisha hakuna hata mbegu moja iliyonasa, ndipo akafunga, kwa ncha za vidole tu, bila kukaza kwa nguvu. Chini ya sufuria la kuchemshia kilitandikwa kitambaa ili chupa zisigonge chuma. Maji yalizifunika chupa na kuzidi vifuniko kwa vidole viwili.

Maji yalipochemka akaenda ndani akarudi na daftari. Ni la zamani, lina madoa ya mafuta, aliliandika kwenye mafunzo ya kikundi chao miaka ya nyuma. Kwenye mstari wa nyanya, chupa ya nusu lita, kulikuwa na dakika 35 zilizoandikwa kwa wino wa bluu. Pembeni, kwa kalamu ya risasi: *hapa kwetu 45*.

Nilisoma mara mbili.

"Mama, hii 45 ni ya nini?"

"Ya huku kwetu. Hiyo 35 ni ya watu wa pwani, kwenu. Maji ya huku hayana moto."

"Hayana moto vipi, na yanachemka?"

Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia mgeni. "Mwanangu, pika maharage Mombo, kisha uje upike hapa. Mombo hujamaliza kufua yameiva. Hapa utafua, utaanika, utakwenda sokoni na kurudi, yanakugomea tu. Kuni ninazo, moto upo. Maji yenyewe hayapandi."

Yale maneno "hapa kwetu" yalinirudisha kwenye daftari la kurasa 48. Sikumwambia kitu. Nilikaa pale mekoni nikiangalia mapovu, nikijisikia vibaya kwa namna ambayo bado sikuweza kuieleza.

Usiku chupa 14 zilikuwa zimepangwa mezani juu ya kitambaa, mbali na upepo, na amri ya mama ilikuwa zisiguswe mpaka asubuhi. Vifuniko vile vina kitufe katikati. Chupa ikiwa ya moto kitufe kimevimba. Inapopoa, mvuke ulionaswa ndani unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na hewa ya nje inakikandamiza kifuniko mpaka kitufe kinazama kwa mlio mdogo: tik. Nilikuwa nasahihisha. Tik. Baada ya kitambo, tik. Na kutoka chumbani kwake, gizani, nikamsikia mama anahesabu kwa sauti ya usingizi: "Tisa." Baadaye, "Kumi." Ilipofika kumi na tatu akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Moja imekataa. Hiyo tutaila kesho."

Kwa nini 95, na kwa nini ndimu

Jumatatu niliazima vipimajoto viwili maabara, nikasaini kwenye kitabu. Sufuria la mama lilisoma 95 kwa kipimajoto cha kwanza na 95 kwa cha pili. Bado nilikuwa na kidogo cha kujitetea, kwamba labda vyote ni vya boksi moja na vyote ni vibovu. Nikanunua barafu dukani, nikaitwanga, nikaijaza kwenye bakuli na maji kidogo, nikavizamisha. Vyote viwili vilishuka mpaka 0, vikatulia hapo. Havikuwa vimechoka.

Sababu yenyewe ipo kwenye vitabu vyangu vya kidato cha tano, na nilishawahi kuijibia mtihani. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Tanga, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa takribani kilopaskali 101, na mvuke hauwezi kuisukuma mpaka maji yafike nyuzi 100. Lushoto hewa ni nyepesi, kama kilopaskali 86, kwa hiyo maji yanaishinda mapema. Kwa miinuko ya kwetu hesabu ya haraka ni nyuzi moja kushuka kwa kila mita 300 hivi. Mita 1,400 zinakupa 95 na ushee. Ukiongeza kuni, maji yatakauka haraka, lakini hayatapanda. Mama alikuwa sahihi kwa kila neno.

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale maneno mawili niliyoyakata. Sentensi "maji huchemka kwa nyuzi 100" haijakamilika. Inahitaji kusema wapi. Waliotunga kitabu waliacha sharti kwa ajili ya urahisi, mimi nikalisahau kwa sababu nilikulia mahali ambapo halihitajiki, na mtoto wa miaka 14 akalirudisha kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza chake hakikufika. Katika darasa lile, "hapa shuleni" ndiyo iliyokuwa sayansi.

Lakini sitaki kumfanya mama kuwa kitabu kitakatifu, maana yeye mwenyewe asingetaka. Siku ileile ya kumenya nilimwuliza kuhusu mstari mwingine wa daftari lake: juisi ya ndimu, kijiko kikubwa kimoja kwa chupa ya nusu lita. Tulikuwa hatujaweka. Akasema ndimu zilipanda bei mwaka uliopita, akaacha. "Si ni ya ladha tu?"

Si ya ladha. Nyanya ziko mpakani. Uchachu wake kwa kipimo cha pH huchezea kati ya 4.3 na 4.9, kutegemea aina na zilivyoiva, na mstari wa usalama ni 4.6. Chini ya hapo, yaani kwenye chakula kichachu, spora, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, za bakteria aitwaye *Clostridium botulinum* hazichipui. Juu ya hapo zinaweza, hasa ndani ya chupa isiyo na hewa, na sumu zinayotoa hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Ndimu, au siki, au robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki kwa nusu lita, ndiyo inayoivusha nyanya upande wa usalama bila kubahatisha. Ndimu mbichi nayo hutofautiana ukali, kwa hiyo juisi ya chupa au asidi ya sitriki ni za kuaminika zaidi. Tuliirudia kazi: tukazifungua chupa zote, tukachemsha nyanya upya, tukaweka ndimu, tukafunga kwa vifuniko vipya, dakika 45.

Nimelifikiria jambo hili kuliko jingine lolote kwenye kisa hiki. Maagizo mawili, daftari moja, mtu mmoja. Agizo la dakika 45 mama amelitunza miaka yote, hata siku za shida ya kuni, kwa sababu siku ya mafunzo alielezwa sababu na sababu hiyo ilikutana na maharage yake. Agizo la ndimu alipewa tupu. Siku ndimu zilipopanda bei, hilo ndilo lililoachwa. Sidhani kama ni suala la bidii au uzembe. Mtu huanza kupunguza pale ambapo haoni kitakachoharibika.

Wanafunzi wangu walikuwa na maagizo matupu mengi mno, na mimi ndiye niliyewapa.

Nimekuwa nikimfikiria pia Nicolas Appert, mpishi wa Kifaransa ambaye mwaka 1810 alitangaza njia ya kuhifadhi chakula kwa kukifungia kwenye chupa za kioo na kuzichemsha, akalipwa na serikali faranga 12,000. Hakujua kwa nini inafaa. Louis Pasteur alikuja kueleza kazi ya vijidudu nusu karne baadaye. Walimu wenzangu wa sayansi tunapenda kuanza na nadharia, kisha vitendo kama pambo. Chupa zilitangulia. Sababu ilikuja nyuma, na ilipofika ndipo watu walipojua wapi njia ile inafaa na wapi inaua.

Chupa nane za maharage

Sehemu hii ningependa kuiruka, lakini kisa hakikamiliki bila yake.

Wiki ya tano mama akaleta maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake, akauliza kama nayo yanaweza kuingia chupani. Nilikuwa bado nimejaa furaha ya ugunduzi wangu. Nikasema yanaweza. Nikapiga hesabu kichwani: maharage hayana uchachu, maji yetu ni 95, basi tufidie kwa muda. Tulichemsha chupa nane kwa saa tatu nzima. Kuni zilikwisha tukaongeza. Vitufe vyote vikazama.

Siku ya sita viwili vilikuwa vimepanda. Siku ya nane chupa moja ilikuwa inavuja pembeni, maji yake yana ukungu.

Spora za bakteria yule zinastahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi, Lushoto na hata Tanga. Kuongeza muda hakufidii. Chakula kisicho na uchachu kinahitaji joto la kati ya nyuzi 116 na 121, na joto hilo halipatikani ila ndani ya sufuria la presha lililotengenezwa kwa kazi ya kusindika, ambamo mgandamizo unaongezwa ili maji yasichemke mapema. Ni kanuni ileile ya 95, imegeuzwa tu. Na mimi nasomea Biolojia. Swali la spora niliwahi kulijibu kwenye mtihani wa chuo, na nilipata alama zote.

Kazi ngumu ilikuwa zile tano zilizobaki. Mama alizipanga mezani, vitufe vimezama vizuri, maharage ya kijani yanapendeza.

"Hizi nazo, mwanangu? Hizi hazina kitu."

Nilimweleza kwamba sumu hii haina rangi wala harufu, chupa inaweza kuwa nayo na isionyeshe. Akasema basi tuwape kuku. Nikamwambia na kuku hufa nayo. Alikaa kimya, akaziangalia. Zilikuwa kazi ya siku nzima na kuni za wiki. Kisha akasema, "Haya, chimba."

Nilivaa glavu za maabara. Zilizofunguka tulizichemsha na chupa zake kwa nusu saa, zilizofungika tukazitia kwenye salfeti bila kuzifungua, vyote vikafukiwa kwenye shimo refu nyuma ya migomba. Nilimwomba msamaha. Alinijibu kwa kuniletea daftari lake na kalamu.

"Andika hapo: maharage, hapana. Mpaka yawe achari ya siki. Na uandike kwa nini. Ile ya ndimu nayo, andika kwa nini. Wakati ule wangetuambia kwa nini, nisingeacha."

Niliandika kwa mwandiko mkubwa kwa sababu ya macho yake. Ilichukua ukurasa mzima. Hakuna andalio la somo nililowahi kuliandika kwa uangalifu kama ule.

Kurudi darasani

Mwalimu mlezi wangu ni mtu wa haki, anafundisha Kemia miaka mingi, na nilimweleza yote kabla ya kuingia darasani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulichokiona ni kweli, mwalimu," alisema. "Lakini mtihani wa taifa hautungiwi Lushoto. Ukiwaambia 95, mtoto ataandika 95 Novemba, atakosa, nawe utakuwa umesharudi chuoni."

Sikubaliani naye, lakini hoja yake si ya kupuuza. Anawajua hawa watoto watakapofika Kidato cha Nne. Anajua alama moja ina maana gani kwa familia inayouza nyanya kwa bei ya kutupa. Mtaala wetu wa sekondari unazungumzia umahiri tangu 2005, na sasa kuna mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi, na kabla ya hayo yote Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikwishalalamika kwamba shule inamfundisha mtoto kudharau maarifa ya wazee wasiosoma. Yote hayo tunayajua kwa kuyajibia mitihani. Mwalimu mlezi hayapingi. Yuko tu mahali ambapo karatasi ya mtihani inafika kwanza.

Niliingia na madaftari yote. Nilianza na lile la kurasa 48. Nilisema mbele ya darasa kwamba nilikosea, kwamba mwenzao aliandika alichokipima na kutaja alipokipimia, na kwamba maneno niliyoyakata yalikuwa sehemu bora ya jibu lake. Nikaifuta 6, nikaandika 10, nikasaini. Yule binti aliliangalia dawati lake muda wote. Sikujua kama nimemtendea haki au nimemwaibisha mara ya pili. Nadhani ningeanza kwa kumwita pembeni.

Kisha nikauliza: nani siku ile aliona 95 akaandika 100? Kimya. Mkono mmoja. Mitano. Mwisho karibu darasa zima. Kijana mmoja akasimama bila kuitwa: "Madamu, ulisema tunajua inatakiwa iwe ngapi."

Nilikubali kwamba nilisema.

Kazi ya nyumbani niliyowapa ilikuwa swali moja la kumwuliza mama, bibi au shangazi: maharage makavu yanachukua muda gani kuiva hapa, na kama umewahi kupika kwingine, je, muda ni uleule? Walirudi wamejaa maneno. Mmoja ana shangazi Mombo, mwingine bibi yake aliwahi kupika kazini Tanga, wa tatu mama yake anaweka magadi kwa sababu hiyohiyo. Somo lilipaswa kuwa la Kiingereza. Dakika 20 za kwanza niliziacha zikaenda kwa Kiswahili, na Kisambaa kikiingia humohumo, kwa sababu hoja zilikuwa zinatembea na sikutaka kuzisimamisha. Tulipofika kwenye mgandamizo wa hewa sikuwa na la kuwashawishi. Walikuwa wananisubiri mimi nifike.

Yule kijana akauliza lililobaki: "Sasa kwenye mtihani tuandike ngapi?"

Niliwaambia waandike 100 kwa usawa wa bahari, na wasiache maneno ya mwisho. Mwalimu mlezi alikuwa amekaa nyuma. Alitikisa kichwa kukubali, na hilo la usawa wa bahari akaliandika kwenye shajara yake.

Sehemu ya maoni kwenye andalio niliiacha wazi mpaka nikasahihisha. Wanafunzi 41 kati ya 58 waliweza kueleza kwa maneno yao kwa nini chupa za Lushoto zinachemshwa muda mrefu kuliko za Tanga. Niliandika 41 kati ya 58.

Siku ya kuondoka mama alinipa chupa tatu za nyanya, zimefungwa kwenye kanga kuukuu. Yule binti alinifuata mpaka getini. Hakutaja alama. Alitaka kujua kitu kimoja: "Madamu, Mombo ni ngapi?"

Niliomba kipimajoto kimoja kwa mwalimu mlezi, nikasaini tena. Mombo nilishuka kwenye gari na mizigo yangu, nikamwamkia mama lishe mmoja stendi, nikamweleza shida yangu. Alicheka, akafunua sufuria la maji ya chai. Tuliinama wote wawili kwenye mvuke. Mstari mwekundu ulisimama katikati ya 98 na 99. Nilikirudisha kipimajoto kwenye boksi lake, nikakiviringishia gazeti, nikampa kondakta wa basi linalopanda, jina la shule juu yake. Kisha nikamtumia mwalimu mlezi ujumbe: Mombo ni 98 na nusu hivi, naomba umwambie.

Jibu lake lilinikuta karibu na Muheza. Ameshamwambia, na ameiandika ubaoni chini ya ile ya Lushoto. Binti anauliza, na Tanga je? Kipimajoto kilikuwa kimeshaanza kupanda kona.